Dubwana Silichomi, Zabroni

Makambako

Kwa mdogo wangu Zabroni, Matembwe.

Kamwene, mdogo wangu. Kamwene na kwa wifi yangu Blandina. Goti lako je? Ulisema linauma ukipanda kutoka mtoni. Linauma kwa sababu hutaki kushika fimbo, unaona fimbo ni ya wazee, kana kwamba wewe bado uko kwaya ya vijana. Shika fimbo. Na yule ng'ombe mwekundu amezaa? Na baridi ya huko mnaionaje, maana hapa asubuhi majani ni meupe kwa barafu, na viazi vya jirani vimeungua kama vimemwagiwa maji ya moto. Mimi ni mzima. Enesi ni mzima. Nina hasira, lakini hasira siyo ugonjwa, ninakula nayo na kulala nayo vizuri tu.

Hii naandika kwa mkono wangu. Usianze kusema dada kaandikiwa na watu wa mjini. Kisomo cha watu wazima nilikaa mpaka mwisho, wewe ukinicheka kwamba nabeba daftari na mvi kichwani. Herufi zangu ni kubwa lakini zinasomeka. Soma taratibu, na ukifika mahali panapokuuma usikunje karatasi, endelea.

Barua yako nilipewa na dereva wa lori la mbao. Nimeisoma kwenye meza ya cherehani ya Enesi, nikairudia. Unasema kaburi la marehemu mwanangu Rehema mtalijengea kwa saruji mkishavuna na kuuza mahindi. Hapo nilikushukuru kwa sauti, wapita njia wakageuka. Halafu unasema mmesikia kwamba Enesi alivaa shetani katika ukumbi wa Waislamu hapa Makambako, watu wakalia na kuanguka kwa nguvu za giza, na kwamba wazee wa kanisa mmekaa. Mmekaa! Mkaamua Enesi akichome hicho kitu na aje atubu mbele ya usharika, la sivyo asikanyage kaburini siku mama yake anapojengewa. Ukamalizia na nguruwe pori wanaokula mahindi yako ya bondeni usiku kucha. Hilo la nguruwe nitalirudia.

Sasa nakujibu. Aliyekuwa ndani ya yule shetani wenu siyo Enesi. Ni mimi.

Kaa chini kama ulikuwa umesimama.

Unaandika "ukumbi wa Waislamu" kama mtu anayeandika "pango la fisi". Mwenye ukumbi ni Bwana Rashidi, mtu wa Tanga. Alikuwa na malori mawili. Biashara zilipofunguliwa na kila mtu akaruhusiwa kuleta anachotaka, akauza lori moja akaleta televisheni na mashine za gemu. Rehema alipotutoka, aliyetoa lori lililobaki kuuleta mwili mpaka hapo kwako, kwenye matope yale ya njia ya Lupembe, ni nani? Ni yeye. Ulimpa chai kwa mkono wako. Alilala kwenye kitanda chako, wewe ukalala jikoni. Sasa leo ukumbi wake umekuwa wa giza.

Na hilo gemu usidhani ni uganga. Ni televisheni, ila badala ya kutazama tu, kijana anashika kidude chenye vibonye, na kwa vidole vyake anamtembeza mtu aliyemo mle ndani. Kuna gemu moja la kutisha. Msichana yuko peke yake katika nyumba ya mawe, na kutoka kisimani linatoka dubwana linamfuata. Mkono mmoja mrefu unafagia chini, mguu mmoja linaburuta, na mdomo uko tumboni. Halikimbii. Linakuja tu. Nimelitazama mwenyewe mchana kweupe, na uji wangu mkononi.

Enesi alilipenda hilo gemu, na nitakuambia kwa nini niliacha alipende. Tangu tulipomzika mama yake, mtoto yule aliifunika cherehani kwa kanga ya Rehema akakaa mbele yake kama anailinda isiibiwe. Wale wawili walikuwa meza moja, unakumbuka: Rehema anakata, Enesi anashona. Watu wanaleta sare za shule, yeye anasema kesho. Wanakuja kesho, anasema kesho. Hali, hacheki, hagombani hata na mimi, na mimi ni mtu wa kugombana naye. Nilimwambia mchungaji wa hapa. Akaja akaomba, akanywa chai, akaondoka. Simlaumu. Lakini mtoto alibaki vilevile. Mahali pekee alipokuwa anakwenda ni mlango wa pili, kwa Bwana Rashidi, kukaa na kuangalia lile dubwana linatoka kisimani.

Siku moja narudi kutoka sokoni, nasikia cherehani inalia. Nikasimama nje na kikapu changu. Sikutaka kuingia, niliogopa itanyamaza.

Bwana Rashidi alikuwa ametangaza maonyesho. Vijana wa gemu kutoka Iringa, Mbeya na Songea wakutane Makambako, kwa kuwa njia zote zinakutana hapa, na kila mmoja aje amevaa kama mtu au dude la ndani ya gemu, vazi alilotengeneza mwenyewe. Atakayeshinda anapelekwa kwenye maonyesho makubwa Dar es Salaam. Enesi alikuwa anashona dubwana la kisimani. Alikuwa amechukua makoti ya mitumba, akayajaza sponji, akayaunga. Nikaingia. Nikalitazama.

"Bibi, unalionaje?"

"Naliona godoro limesimama."

"Bibi!"

"Nikikutana nalo njiani nitalilalia. Mwenyewe ulisema linatisha."

Alininunia. Zabroni, alininunia! Miezi yote ile nilikuwa natafuta uso huo. Basi nikavua koti nikakunja mikono ya sweta.

Tulilifumua lote. Nilikwenda mwenyewe kwa wauza pombe ya ulanzi nikaomba mianzi yao wanayogema, nikaipasua, nikasuka kiwiliwili kama ninavyosuka kihenge cha mahindi, maana kihenge kinasimama chenyewe hata kikiwa kitupu. Tumboni niliacha tundu, hilo ndilo mdomo, na meno tulikata kwenye kibuyu kikavu. Magunia tuliyachemsha na magome ya miwati mpaka yakawa na rangi ya nyama iliyosahauliwa juani. Nywele ni katani. Mkono mrefu ni mwanzi wenye viungo vya kamba, ukiuvuta ndani, vidole vinakunja. Enesi alikuwa anakimbia kwa Bwana Rashidi kutazama televisheni, anarudi, "Bibi, bega ni la juu zaidi," anakimbia tena. Majirani walikuwa wanasimama mlangoni.

"Mama Rehema, hicho ni nini?"

"Ni mkwe wako," nawaambia. "Kaleta posa."

Lilipokwisha, Enesi akalivaa akatembea. Nikamwambia, we mtoto, unatembea kama unapanda madhabahuni kuimba. Hebu vua. Nikaliingia mimi. Nyonga yangu unaijua, ile niliyoanguka nayo kwenye mashamba ya chai. Mguu wa kushoto unaburuta upende usipende. Mgongo umeinama wenyewe. Nikaja hatua chache kutoka mlango wa jikoni, nikakunja vidole. Enesi akapiga yowe. Halafu akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, amejishika mbavu, machozi yanatoka, na mimi nikasimama mle ndani ya kihenge nikimtazama kupitia mdomo wa tumbo. Sikutoka haraka. Jasho lilinitiririka na sikutoka.

Basi tukakubaliana. Yeye ndiye fundi, mimi ndiye wa kulitembeza.

Sasa nifike kwenye nguvu za giza.

Asubuhi ya maonyesho Enesi alitangulia ukumbini kuandikisha. Mimi nikabaki na dubwana peke yangu, nikalizunguka. Nikaona kuna kitu kimekosekana. Halinuki. Zabroni, wewe na mimi tumefundishwa na baba mmoja, na baba alisema nini? Nguruwe haamini macho, anaamini pua. Dude lisilonuka ni picha tu. Nilikuwa na ngozi ya beberu imelowekwa ndani ya ndoo kwa ajili ya kiti changu, imeshaanza kuchacha. Nikaivika mabegani mwake. Nikaponda pilipili kichaa na mafuta ya zamani, nikalipaka kiwiliwili, na unga mkavu wa pilipili nikaujaza kwenye mkono mrefu, kama tulivyokuwa tunafanya. Nikajifunga kitambaa chenye maji puani, kama baba alivyotuonyesha. Nikaenda.

Ukumbi ule ni wa bati, na madirisha yalikuwa yamefunikwa mablanketi ili televisheni zionekane. Vijana wamejaa. Kulikuwa na mwanajeshi mwenye bunduki ya ubao, na mfu mmoja aliyepakwa unga wa ngano, na waamuzi watatu kutoka Dar es Salaam wamekaa mbele na soda. Bwana Rashidi, kwa kuwa ni mtu wa pwani, haishi bila feni, hata katika baridi hii. Feni ilikuwa inazunguka juu ya vichwa vyetu. Nikaingia naburuta mguu. Wakanipisha njia. Nikasikia kijana mmoja anasema, "Mama yangu, hilo ndilo lenyewe." Nikafurahi. Nikainua ule mkono mrefu nikaupunga.

Unga wote ukaenda kwenye feni.

Huyo mwanajeshi alitupa bunduki akatokea dirishani na blanketi lake. Mfu alipiga chafya mpaka unga wa ngano ukamwisha usoni akabaki mtoto wa mtu. Waamuzi walikuwa wanalia, wameinamia magoti, mmoja anajimwagia soda machoni. Watu wakasukumana mlangoni, wakaanguka, wakatoka nje wanalia na kushika nyuso. Na mimi nyuma yao, maana nilikuwa nataka kutoka pia. Enesi anapiga kelele, "Bibi, umetia nini? Bibi, umetia nini?" Bwana Rashidi ameegemea ukuta, macho mekundu.

"Bibi, umeniua! Umeua biashara yangu!"

"Zima feni, we mtu wa Tanga!"

Wakati huo ndipo yule mama wa Yakobi, muuza viazi, mke wa mzee wa kanisa mwenzako, alikuwa anapita njiani na gunia lake. Akaona watu wanatoka wanalia na kuanguka, na nyuma yao dude lenye mdomo tumboni. Hakuuliza. Alikimbia akaacha viazi, ambavyo nilimwokotea mimi. Na alichokiona ndicho kilichofika Matembwe.

Ilikuwa pilipili, Zabroni. Waambie wazee waliokaa. Pilipili kichaa.

Hatukushinda. Macho yalipotulia, mmoja wa waamuzi aliniambia kwa adabu, "Bibi, kazi hii hatujaiona hata kwetu Dar, lakini katika gemu hakuna harufu." Nikamwambia, basi gemu lenu lina mafua. Akacheka huku anajifuta. Wakampa ushindi kijana mmoja aliyejivika maboksi. Sawa. Lakini waliomba Enesi alioshe alilete Mbeya, watakapokutana tena, na huko tutakwenda. Bwana Rashidi alikuja jioni, bado macho mekundu, akasema dubwana lisogezwe mbali na mlango wake, kisha akaomba kuonyeshwa vile vidole vinavyokunja. Na Enesi siku iliyofuata aliiondoa kanga ya mama yake juu ya cherehani, akaikunja vizuri akaiweka sandukuni, akamaliza sare zote zilizokuwa zimemngoja.

Ndipo ikaja barua yako.

Alikuwa ameisoma begani pangu, sikujua. Nikasikia mlango wa nyuma. Nikatoka, nikamkuta amelilaza dubwana kwenye majivu tunapochomea takataka, na kopo la mafuta ya taa mkononi. Nikaenda nikalikalia.

"Bibi, inuka."

"Siinuki."

"Bibi, nataka kuwepo mama akijengewa."

"Utakuwepo."

"Babu amesema..."

"Babu yako ni mdogo wangu. Nimemfuta kamasi."

"Bibi, ni kitu tu. Ni magunia na mianzi. Nitashona kingine."

"Kama ni kitu tu, basi kimemkosea nani mpaka kichomwe? Chagua, Enesi. Washa kiberiti, tuungue wote wawili, au rudisha mafuta jikoni, nataka chai."

Alilia. Nikamwacha alie, mimi nikiwa nimekaa palepale juu ya bega la dubwana, na mianzi inanichoma. Halafu akarudisha mafuta.

Sasa nikuulize, mzee wa kanisa. Nani alikuwa anavaa ngozi ya beberu na majani makavu ya migomba kwenye shamba letu la bondeni? Nani alipakwa masizi, akafungiwa kibuyu usoni, akawa anatoka kwenye vichaka jua likizama, ananguruma? Mimi nilikuwa nashika kopo la kupiga. Wewe ndiye uliyekuwa dude. Nguruwe walikuwa wanakimbia mpaka ng'ambo ya mto, na kijiji kizima kilikuwa kinakuja kukuazima kwa baba: tupe Zabroni, tupe Zabroni, wamefika kwetu. Mchungaji mzee alikula mahindi yale. Akabariki mavuno yale madhabahuni. Hakuna aliyekuita utubu. Na pilipili kwenye mkono uliijua wewe kwanza, ukanifundisha mimi, ukajisifu wiki nzima. Harufu ile iliyowaliza watu wa Dar es Salaam ni yako, mdogo wangu.

Umesahau kwa sababu umevaa suti. Mimi sina suti, nakumbuka.

Leo nguruwe wanakula mahindi ambayo ndiyo yatanunua saruji ya kaburi la mwanangu, na wewe umekaa na wazee mnaamua kuchoma kitu pekee kinachoweza kuwafukuza. Kichwa chako kigumu kama chuma cha Liganga. Ukingoja mavuno, hakutakuwa na mavuno. Rehema atalala chini ya udongo mtupu, mvua zikija zitambomolea, na wewe utakuwa umemlinda na shetani.

Kwa hiyo sisi hatungoji. Tunakuja wiki hii, Enesi, mimi na dubwana. Bwana Rashidi anapeleka mzigo Njombe, atatushusha, na kutoka pale tutapanda gari la Lupembe. Litakaa juu ya paa la gari, limefungwa kamba, mdomo ukiangalia mbele. Watu wa kina Yakobi watuone vizuri tukipita. Enesi atalala hapo kwako, ndiko kwao mama yake. Siku ya kujengea atasimama kichwani pa kaburi, yeye ndiye mtoto, na mimi miguuni. Hatatubu kitu, maana hakufanya kitu. Kama wazee wanataka mtu wa kutubu, niiteni mimi mbele ya usharika, nami nitasimama, na nitaeleza habari ya pilipili tangu mwanzo, kwa majina. Jina lako litakuwa la kwanza.

Lakini usiogope kabla. Nakupa njia. Jioni ya kwanza tutashuka wote bondeni, wewe ndani, mimi na kopo langu la kupiga. Mimi nimeshazeeka, siwezi kulivaa shambani, matuta yataniangusha. Enesi atakaa ukingoni. Nataka aone babu yake alikuwa nani kabla hajaanza kukaa vikao.

Msalimie wifi yangu Blandina, mwambie ngozi ya beberu nikija nayo isiingizwe jikoni. Msalimie shangazi yetu Yerusalemu, aliyebaki peke yake katika dada za baba, mumpe kiti cha jua asubuhi. Msalimie mwanao mkubwa Ezekia, mwalimu, umwambie aje anisomee makosa ya barua hii kama anayo nafasi. Msalimie mchungaji wenu kwa heshima zote, na umwonyeshe ukurasa huu kama unathubutu. Na yule mama wa Yakobi akifika huko, mwambieni viazi vyake ninavyo, havijaoza.

Enesi anakusalimu, babu yake. Ameshona mikanda upya mabegani, na kiunoni amelegeza, kwa sababu nilimwambia siku hizi una tumbo.

Ni mimi dada yako mkubwa, mama Rehema,

Tabitha.

Pilipili usinunue. Nakuja nayo.